Fundi wa Simu na Namba Ishirini

Kabula ndiye aliyeshika simu. Naanza na hilo kwa sababu katika maneno yote yaliyosemwa baadaye, hakuna hata mmoja aliyetaja kwamba mdogo wangu alifanya sawasawa na alivyofundishwa.

Ilikuwa Jumapili mchana, kiwandani, chumba cha kupakia minofu ya sangara. Bomba la amonia, ile gesi inayogandisha samaki, lilipasuka juu ya mlango tuliouzoea. Lilitoa mlio kama lori linapopumua breki, ila lori hupumua mara moja likanyamaza. Hili halikunyamaza. Ukitaka kuijua ile harufu, chukua zizi la ng'ombe lililofungwa msimu mzima, ulifungulie ndani ya pua yako. Macho yanajifunga yenyewe. Waliokuwa karibu na mlango walikimbia wakapita katikati ya ule ukungu mweupe, na baadhi yao walitoka. Sisi tuliokuwa ndani zaidi tulibakiwa na mlango wa pili, wa chuma, wa kutolea mzigo. Siku za Jumapili ulikuwa unafungwa kwa kufuli upande wa nje ili tusiibe samaki. Ufunguo ulikaa getini kwa mlinzi.

Ukutani palikuwa na simu, na juu yake maandishi mekundu: HATARI, BONYEZA 9. Kabula akabonyeza tisa.

"Inaita," akasema. "Tulieni. Inaita getini."

Alinisogezea sikioni nisikie. Kweli ilikuwa inaita, vizuri kabisa, bila mkwaruzo. Nikamwambia aiache tukapige mlango. Akasema, "Dada, ukikata, anayekuja mbio anarudi." Nikaenda mlangoni mwenyewe, nikapiga kwa ndoo, nikapiga kwa mikono, nikaanguka karibu na mfereji wa maji machafu, aproni yangu iliyoloa imenifunika uso. Hiyo aproni ndiyo iliyoniokoa, wala si akili yangu. Nyuma yangu niliendelea kumsikia. "Inaita." Halafu akakohoa. Halafu tena, "Inaita."

Kufuli lilivunjwa na watu wa gari la barafu waliosikia ndoo. Kabula alikuwa amekaa chini ya simu, mkono wa simu ameukumbatia kifuani kama anambembeleza mtoto. Alikuwa amekwisha kufa, na wenzetu wawili pembeni yake.

Na ile simu ilikuwa inaita kweli. Ilikuwa inaita ofisi ya mauzo ya nje, chumba chenye zulia jipya na viti ambavyo bado vimo kwenye nailoni, na mlango wake umefungwa.

Aliyemfundisha Kabula asikate simu alikuwa jirani yetu wa Igogo. Mtaani tulikuwa na mafundi wa kila aina, wa baiskeli, wa cherehani, wa redio, lakini ukisema Fundi tu bila kuongeza neno, watu walijua ni wa simu. Sijui alizaliwa mwaka gani, na ukoo wake sikuwahi kumwuliza. Nilimkuta pale Igogo nilipopanga, tukashiriki ukuta mmoja mpaka yote haya yakatokea. Wapo wanaomlaani mpaka leo. Wapo wanaosema alikuwa mtakatifu aliyesingiziwa. Wote hao hawakukaa naye ukuta mmoja.

Alikuwa mrefu, bega moja limeshuka, lile alilobebea mizunguko ya waya miaka yote. Alivaa kofia ya shirika la simu la serikali hata baada ya kupunguzwa kazi. Beji aliibandua siku alipopewa barua, lakini kitambaa chini ya beji kilikuwa hakijapauka, kwa hiyo beji ilibaki pale bila kuwapo. Enzi hizo watu wengi walikuwa hivyo. Mashirika yaligawanywa, viwanda vya pamba vilisimama, wazungu na wahindi wakaja na viwanda vya samaki ukingoni mwa ziwa, na wanaume waliokuwa na pensheni mbele yao wakaanza kuuza maandazi. Fundi yeye alikuwa na bahati. Kila kiwanda kipya kilitaka simu.

Jambo la kwanza watu walilojua juu yake ni kwamba alijibu swali uliloliuliza, hakuongeza hata punje. Ukimwuliza, "Fundi, una saa?" atajibu, "Ninayo," na kupita. Vijana walilifanya mchezo. "Fundi, unajua njia ya kwenda Kisesa?" "Naijua." Basi hapo wanacheka mpaka wanashika magoti, na yeye anawatazama bila hasira, anangoja kama kuna swali jingine.

Siku moja nilimsikia mkewe ukutani.

"Baba Neema, umenunua sukari?"

"Hapana."

Mama wa watu akatoka na kikombe, akaja kwangu kuazima. Nikampa. Jioni ananiambia, amekuta mfuko mzima wa sukari umening'inia nyuma ya mlango. Fundi alikuwa amemtengenezea mwenye duka redio, akalipwa sukari.

"Sasa mbona ulisema hapana?"

"Uliniuliza kama nimenunua."

Mkewe alilisimulia hilo kisimani akicheka. Baadaye, tulipojua kinachoweza kutoka katika tabia kama ile, hakuna aliyelisimulia tena.

Nilimwuliza siku moja kwa nini yuko hivyo. Alisema kazi ya simu imemfundisha. Ukiwa juu ya nguzo na mwenzako yuko nguzo nyingine maili mbili mbele, mnaongea kwa waya mmoja, yeye anauliza, "Umeshika mwekundu?" wewe unasema nimeshika au sijashika. Ukianza kumweleza habari za jua na nyuki, atakata waya usiotakiwa kukatwa. Nilimwambia, hapa si juu ya nguzo. Akasema, "Hapana, si juu ya nguzo." Mazungumzo yakaishia hapo.

Jambo la pili ni Sabato. Jua likizama Ijumaa, Fundi anaweka koleo chini, na haliinui mpaka jua la Jumamosi lizame. Wasabato tunao wengi kandokando ya ziwa hili, lakini wengi wao wana namna ya kumbembeleza Mungu kidogo kazi ikiwa karibu kuisha. Fundi hakuwa na namna hiyo. Alipokuwa bado serikalini, waliwahi kwenda Kisesa kutengeneza laini ya kiwanda cha kuchambua pamba, msimu wa ununuzi, magari yamepanga foleni. Fundi yuko juu ya nguzo, amebakiza kuunga waya mmoja. Bosi wake anamwangalia kutoka chini. Akamwona Fundi anatazama magharibi, anatoa kamba ya katani mfukoni, anafunga ncha za waya zisigusane, anaanza kushuka.

"Unashuka wapi wewe? Si umebakiza mmoja tu!"

"Nimebakiza mmoja."

"Sasa?"

"Jua limezama."

Bosi alitukana, akaahidi kumfukuza, akatishia kupanda mwenyewe na tumbo lake lile. Watu wa pamba walicheka siku mbili. Jumapili asubuhi Fundi alipanda basi kwa nauli yake, akaunga ule waya, akarudi. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe kila alipopata wageni, na kila mara alimalizia, "Na hakuna aliyekufa." Mimi nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu mara nyingi, na tulicheka pamoja naye.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa kanuni moja kwa moja. Chai hakunywa, kwa dini, ila nyuma ya choo chetu alificha kikopo cha ugoro, akiuvuta kwa haraka kama mwizi na kurudi na machozi machoni, anasema vumbi. Alikuwa na simu ndogo ya majaribio, ile ya kubana kwenye waya, na alisikiliza watu. Alisikiliza wafanyabiashara wakidanganyana bei ya mapanki, yale mabaki ya sangara aliyekwisha kutolewa minofu, alisikiliza ndoa za wakubwa wa mji zikivunjika. Nikamwambia hiyo ni dhambi. Akasema, "Ni dhambi." Aliendelea. Cha ajabu, hakuwahi kutoa neno hata moja nje. Alisikiliza tu, kama mtu anayekaa stesheni kutazama watu wanavyoshuka.

Kabula alimpenda kuliko baba yetu. Naandika hivyo na baba yetu hawezi kukataa. Kabula alikuja kwangu kutoka kijijini baada ya kumaliza la saba, mimi mwenyewe niliishia la nne, nikamtafutia kazi kiwandani ya kukwangua minofu. Lakini yeye hakutaka samaki, alitaka kukaa kwenye meza ya simu, avae sweta, aseme "Halo, nikuunganishe na nani?" Jioni alikuwa anabeba kigoda chake anakwenda kukaa mlangoni kwa Fundi.

Kiwanda kilikuwa kimenunua mtambo mpya wa simu. Zamani palikuwa na mama mmoja wa kuunganisha, ukiinua simu unamwambia unataka nani. Mtambo mpya haukutaka mama. Fundi ndiye aliyeuelekeza, na kila jioni alimweleza Kabula kwa vizibo vya soda, mimi nikichambua dagaa pembeni.

"Gari linatoka Geita," anasema, anaweka kizibo. "Linafika Busisi. Linataka nini?"

"Kivuko."

"Kivuko kipo. Linavuka, linatoka Kigongo, linakuja mjini. Na kivuko kikiharibika?"

"Linalala Busisi."

"Mwenye akili analala?"

"Anazunguka."

"Nani kamwambia kuna njia ya kuzunguka?"

Kabula anakigeuzageuza kizibo.

"Basi simu ni gari lisilo na dereva," anasema Fundi. "Halijui Busisi wala Kigongo. Mimi ndiye ninayekaa kila njia panda kabla halijafika, naliambia, ikibonyezwa tisa, nenda namba ishirini. Ishirini ni getini. Ofisi zikiwa wazi, zikiwa zimefungwa, getini kuna mtu. Haliulizi mlinzi anaitwa nani, wala geti liko wapi. Linajua ishirini tu. Linakwenda."

"Na mlinzi akiwa amelala?"

"Litaita. Wewe usikate. Simu ikiita, mtu yuko njiani anakuja mbio. Ukikata, anarudi."

Alisema hivyo. Kabula akalipokea kama mtu anavyopokea amri ya kanisani, na siku nyingine nilimsikia akiwafundisha wasichana wenzake kwenye meza ya minofu, kisu mkononi. "Msikate. Mtu anakuja mbio."

Sasa nimtaje Bwana Severini. Watu wamezoea kusema "uongozi". Uongozi hauna mikono. Bwana Severini alikuwa meneja utawala, mtu wa kwetu kabisa, si mgeni, mwenye shati la mikono mifupi na kalamu tatu. Mtambo ulipokuja, ulikuja na simu moja kubwa ya pekee, yenye vitufe vingi, ambayo Fundi aliitumia kuupa amri. Ukitaka kubadilisha njia ya simu yoyote, lazima uchomeke hiyo. Fundi aliiita simu mama. Mwanzoni aliiacha kabatini kwake.

Halafu akafanya jambo la Kifundi. Msichana mmoja wa meza yetu alifiwa na mama yake Bunda, hakuwa na namna ya kuwapata ndugu. Fundi akaichukua simu mama, akaifungulia simu ya chumba cha minofu iweze kutoka nje. Msichana akapiga, akalia, akaambiwa siku ya mazishi. Ingeishia hapo ingekuwa sawa. Lakini Fundi hakuifunga tena. Nani angemwambia aifunge? Hakuna aliyemwuliza. Wiki zikapita, watu wanapiga mpaka Dar kuwasalimu mashemeji. Hata mimi niliongea na binamu yangu wa Shinyanga, nikamwelezea habari ya mbuzi.

Bwana Severini alipogundua, alikuja mwenyewe chumba cha minofu, buti nyeupe zimempwaya.

"Fundi, wewe ndiye uliyefungua hii?"

"Ndiyo mimi."

"Ifunge. Iende kwa msimamizi na tisa, basi. Na hiyo simu yako ya uchawi niletee ofisini."

Kuanzia siku hiyo simu mama ililala kwenye droo ya meza ya Bwana Severini, na ufunguo kwenye mkufu wa funguo za gari lake. Ndiyo sababu Jumapili ile Kabula hakuweza kupiga kokote kwingine. Msimamizi Jumapili hakuwapo. Ilibaki tisa.

Ikafika Ijumaa moja, wageni wa Ulaya wanategemewa Jumatatu, wanunuzi wa minofu. Ofisi ya mauzo ya nje ilikuwa imepakwa rangi. Bwana Severini akaona namba ya ofisi ile ni arobaini na kitu, akasema haifai kwa wageni, anataka namba fupi, nzuri, itakayochapishwa kwenye kadi. Nzuri kuliko zote ilikuwa ishirini. Akaagiza mlinzi apewe hiyo nyingine, na ofisi ipewe ishirini, jioni hiyo hiyo.

Haya ya Ijumaa niliyajua baadaye, nusu kwa mlinzi na nusu kwa Fundi mwenyewe, lakini nayaweka hapa yalipotokea.

Fundi alikwenda kwenye sanduku la nyaya, akahamisha waya wa ishirini kutoka getini kwenda ofisini. Kwa mazoea ya serikalini kazi ingekuwa imekwisha, maana kule ukihamisha waya umehamisha kila kitu. Huku waya ulikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa kuuambia mtambo kwamba sasa tisa isiende tena ishirini, iende namba mpya ya getini. Kwa hiyo akapanda ofisini kuomba simu mama. Bwana Severini alikuwa anaongea na Dar. Akamwashiria kwa mkono angoje. Fundi akangoja mlangoni. Alipomaliza kuongea, akatoa ufunguo, akafungua droo. Fundi akatazama dirishani. Jua lilikuwa limezama nyuma ya mawe.

"Jumapili asubuhi," akasema.

"Jumapili utanikuta wapi? Chukua sasa."

"Sabato imeingia."

Bwana Severini akaisukuma droo kwa goti, akaifunga.

Baada ya vifo iliundwa kamati. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Lufungulo, ametoka makao makuu ya kampuni, mwenye miwani ya dhahabu. Mimi nilipelekwa kutoka hospitali nikiwa na bandeji jicho hili ambalo sasa halioni, nikaketi benchi la nyuma na mama yangu. Fundi alisimama katikati, kofia mkononi.

"Ni wewe uliyehamisha waya wa namba ishirini?"

"Ndiyo mimi."

"Ulijua kwamba simu ya hatari inakwenda ishirini?"

"Nilijua."

"Uliubadilisha mtambo?"

"Hapana."

Bwana Lufungulo akavua miwani, akawatazama wenzake. Nikaona Fundi amesimama vile vile alivyokuwa akisimama kwa vijana wa Igogo, shingo imeinama kidogo, anangoja swali linalofuata. Halikuja. Bwana Severini alikuwa amekaa upande wa kamati, si upande wetu, anachezea mkufu wa funguo. Wakaandika kosa la fundi. Maneno matatu. Kampuni ya bima ikafuata maneno hayo matatu, na sisi wafiwa tukaambiwa tumdai fundi, mtu ambaye mali yake kubwa ilikuwa ngazi.

Mama yangu alimtemea mate pale nje. Mimi nilishindwa, kifua kilikuwa hakina nguvu ya kutema. Fundi hakujipangusa. Wiki hiyo mkewe alichukua watoto akaondoka, na yeye akafunga chumba, akavuka kwenda Ukerewe kwa dada yake. Kikopo cha ugoro nilikikuta nyuma ya choo mvua ilipoanza.

Miaka ilipita. Ningemwacha kule kule na laana zangu. Aliyenivuruga ni mlinzi, Marwa, ambaye naye walimfukuza. Alikuja kuniaga akirudi kwao Tarime, akakaa, akanywa maji, akasema kama mtu anayejiongelea: "Yule mzee wenu alikuja Jumapili asubuhi. Akakutana na bosi pale pale getini." Nikamwuliza walisema nini. Akasema, "Mimi nilikuwa nafungua geti, mama. Kamwulize mwenyewe."

Basi nikapanda meli, nikaenda Nansio, huko Ukerewe. Niliulizia fundi wa simu, wakasema hapa hakuna, labda yule mzee Msabato wa mihogo. Nilimkuta anamenya mihogo nyuma ya nyumba ya dada yake. Bega limeshuka zaidi. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa waya wa simu, ule mweusi. Kofia hakuwa nayo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Shija." Alinitambua kwa sauti. Aliponitazama usoni, kisu kikasimama.

Dada yake akatuletea kigoda na maji. Sikunywa. Njia nzima melini nilikuwa nimejipangia matusi, na nilipomwona nikajua matusi hayataleta kitu. Mtu huyu anatoa kile tu ulichoomba. Nikaketi, nikauliza kama wakili.

"Fundi, Jumapili ile ulikuja kiwandani?"

"Nilikuja."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Kengele za Wakatoliki zilikuwa zinalia."

"Ulimkuta nani?"

"Bwana Severini. Alikuwa kwenye gari getini. Alikuja kuchukua minofu ya sherehe nyumbani kwake."

"Ulimwomba nini?"

"Ufunguo wa droo."

"Ulimwambia ni wa nini?"

Hapo akaweka kisu chini. "Nilimwambia tisa haiendi getini. Nilimwambia watu wako ndani, wanafanya kazi. Akauliza, kuna moto? Nikasema hapana. Akasema basi kesho, ana wageni."

"Alikuwa nao ufunguo?"

"Ulikuwa unaning'inia kwenye swichi ya gari. Niliuona."

"Kwa nini hukuyasema haya kwenye kamati?"

Kuku walikuja kwenye maganda, akawafukuza kwa mguu. "Nilidhani wataniuliza," akasema. "Nilisimama. Nikangoja."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumshika mkono, sikufanya lolote. Nikamwuliza lililobaki, la kwangu mimi. "Ile kazi ya Ijumaa, droo ilipokuwa wazi, ingekuchukua muda gani?"

"Mfupi. Kabla uji haujachemka."

"Na ungeifanya, Kabula angekuwa hai?"

"Angekuwa hai."

Hakutaja Mungu. Hakusema, "Na hakuna aliyekufa," wala hakulia. Aliongeza neno moja, na katika miaka yote niliyomjua ndiyo mara pekee aliyoniuliza yeye. Alisema, "Alikata?"

Nikamwambia hapana. Hakukata.

Akachukua kisu, akaendelea kumenya. Nilirudi na meli ya jioni. Mwaka uliofuata dada yake aliniletea habari kwamba wamemzika huko huko.

Kwa hiyo Fundi ameulizwa, na amejibu. Sehemu yake ya Ijumaa aliikubali mbele yangu bila kuficha, na mimi sijamsamehe, lakini nimemsikia. Waliobaki ni wale ambao hakuna aliyewauliza. Bwana Lufungulo, ulikuwa na mtu mbele yako anayejibu kila kitu, na siku nzima ya kumwuliza. Ulimwuliza juu ya waya. Kwa nini hukumwuliza aliyeagiza ni nani? Jibu hilo uje ulitoe Igogo, mbele ya mama yangu, angali hai.

Na wewe Bwana Severini, unaishi, unajulikana, nyumba yako ya Capri Point tunaiona tukishuka kazini. Nilichokuja kukuuliza ni kimoja, na nitakuuliza kanisani, sokoni, na mbele ya watoto wako mpaka ukijibu kwa mdomo wako. Asubuhi ile uliambiwa watu wako ndani na simu yao haifiki getini. Ufunguo ulikuwa mbele ya magoti yako. Kwa nini hukuutoa?